Gari ni Kusimama

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuwasikia vijana wa kijiweni wakilisifia gari. Watakuambia injini yake ni ya ngapi, spidi yake inafika wapi, na muziki wake unasikika mpaka mtaa wa pili. Lakini sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Mshikaji, lile gari linasimama bwana!" Kusimama hakuna sifa. Ni kama chumvi kwenye mboga, hutajwa siku ilipokosekana.

Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, nina ndoto ya kuandika riwaya, na kwa miaka miwili riziki yangu nimeipata nyuma ya pikapu kuukuu hapa Nansio, nikiwa utingo. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba gari ni kusimama. Kwenda ni majaliwa.

Pikapu yenyewe ni Land Rover 109 ya mjomba wangu, kaka yake mama. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ekseli ya nyuma, yaani kama mita 2 na sentimita 77. Ni ya toleo la Series IIA, lililotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, kwa hiyo gari limenizidi umri mara mbili na ushee. Injini ni ya petroli, silinda nne, sisi 2286. Nyuma, kwenye mlango wa bodi, mwenyewe wa zamani aliandika kwa rangi nyeupe: MWENDA POLE. Mjomba hakuyafuta. Alisema hata akifuta, gari halitakwenda haraka zaidi.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwenye tamasha lake, na picha zake tuliziona kwenye simu. Magari yanang'aa, yamepigwa rangi, mengine yana umri wa huyu wetu. Mjomba aliziangalia, akacheka, akasema, "Hao wamekuja kupiga picha. Mwenda Pole ana machungwa ya kupeleka." Na kweli. Machungwa, mihogo, dagaa, saruji, mbao za msitu wa Rubya, vyote vimepita mgongoni mwake.

Sasa wewe wa bara ukumbuke kitu kimoja. Ukerewe ni kisiwa. Kila mzigo unaotoka au kuingia lazima uguse maji: ama kwa meli kati ya Nansio na Mwanza, ama kwa kivuko kati ya Rugezi na Kisorya halafu barabara ya kwenda Bunda. Kwa hiyo gari la huku, lifanye litakavyofanya, mwisho wake ni mteremko unaoelekea ziwani. Dereva wa Mwanza mjini breki zikimgomea anaweza kuutafuta ukuta au mti. Sisi mbele yetu ni maji. Na watu wa hapa hatuhitaji kufundishwa uzito na maji vinafanya nini vikikutana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, na zaidi ya watu 220 walifariki. Tangu siku hiyo, mtu akitamka neno "mzigo umezidi" hapa Nansio, hakuna anayecheka.

Ndiyo maana utingo wa huku ana kifaa kimoja ambacho hakiuzwi dukani: gogo. Langu lilikuwa la mti mgumu, limechongwa upande mmoja kama kabari, lina kamba ya kulivutia. Gari likisimama mlimani, mimi naruka na kuliweka nyuma ya tairi. Mjomba akipenda kunitania aliwaambia abiria, "Huyu ndiye hendibreki yangu, amemaliza fomu foo."

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka Bunda na saruji na mabati. Kivuko kikatia nanga upande wetu, magari yakaanza kutoka mmoja mmoja. Mwenda Pole akapanda kile kimlima cha kutokea majini, gia ya kwanza, akiguna. Tulipofika kati nikasikia mlio chini ya bodi: pwaa! Kama mtu amevunja fimbo kavu gotini. Injini ikanguruma kwa nguvu, lakini tairi hazikusogea hata kidogo. Mjomba akavuta hendibreki. Wapi! Akakanyaga breki ya mguu kwa miguu yote miwili, na gari bado likaanza kurudi nyuma, taratibu, kama mzee anayetafuta pa kukaa.

Nyuma yetu palikuwa na baiskeli mbili zenye mizigo, wanafunzi wenye sare, na mama mmoja aliyebeba ndoo. Nyuma yao, kivuko na ziwa. Niliruka na gogo. Tairi likalipanda mpaka nusu, likasita, likakaa. Abiria mmoja akaongeza jiwe upande wa pili. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno. Kisha yule mama akatua ndoo yake, akaliangalia gogo, akaniuliza, "Mwanangu, na hilo gogo wanalilipa shilingi ngapi kwa mwezi?" Watu wakacheka. Mjomba hakucheka.

Fundi wetu ni mzee mwenye kichogo cheupe, mtu asiyependa maneno. Alilala chini ya gari kwa nusu saa, akatoka na kipande cha chuma mkononi. "Hafu shafti," alisema. Hivi ni vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye difu, kila kimoja kikiendesha tairi lake la nyuma. Cha kulia kilikuwa kimekatika karibu na meno. Land Rover za zamani zina sifa hiyo mbaya: shafti zake za nyuma zina meno 10 tu na ni nyembamba kwa mzigo tunaobebesha.

"Shikamoo fundi, sasa hilo la shafti nimeelewa," nikamwuliza, "lakini mbona hendibreki nayo ilikataa?"

"Marahaba. Hapo ndipo penyewe, kijana." Akachora chini kwa kijiti. Hendibreki ya gari hili haikamati tairi. Inakamata propela, pale inapotoka kwenye giaboksi. Propela ikishikwa, difu linashikwa, shafti zinashikwa, na tairi zinashikwa. Mnyororo mmoja. Lakini kwa jinsi difu lilivyo, shafti moja ikikatika, hata ile nzima ya upande wa pili inazunguka bure. Kwa hiyo kile kile kinachokunyima nguvu ya kupanda kinakunyima na hendibreki, kwa sekunde ile ile. Ungeweza kuokolewa na tairi za mbele, kama ungekuwa umeingiza gia ya tairi nne, ila propela ya mbele tulishaifungua zamani kwa sababu krosi zake zilikuwa zimekwisha na zinapiga kelele.

"Na breki ya mguu?"

"Breki shuu zako za mbele zimepangwa zifanye kazi gari likienda mbele. Drami likizunguka mbele linazivuta zote mbili zizidi kujikaza. Likirudi nyuma linazisukuma zilegee. Breki nzuri kwa anayeteremka. Kwa anayerudi kinyumenyume, ni nusu breki." Akaifuta ile michoro kwa mguu. "Tena paipu ni njia moja kwa tairi zote nne. Siku itakapopasuka moja, hutakuwa na hata hiyo nusu."

Mambo matatu, yote yalikuwepo kila siku, yakingoja siku moja ya kukutana. Mimi ninayependa hadithi nilijiambia: kumbe ndivyo misiba inavyotungwa!

Basi pesa. Mjomba alikuwa na akiba ya msimu wa machungwa, na kila mtu aliijua matumizi yake. Vijana wa kijiweni walitaka atie injini ya Kijapani, "mzee upae!" Rafiki zake walitaka apige rangi na kushona viti. Mke wa mjomba alitaka mabati ya jikoni, maana mvua ilikuwa inampikia ugali pamoja naye. Alipoambiwa pesa itanunua ekseli, alikaa kimya, halafu akasema, "Baba nanihii, yaani nyumba haina kofia na wewe unanunulia gari miguu?"

Mjomba akajibu, "Mama, jikoni mvua ikinyesha tunahamisha sufuria. Siku ile nilikuwa nahamisha watoto wa watu." Hakuzungumza tena, na mama naye hakuongeza. Ila mabati mawili ya mzigo ule ule wa Bunda yalibaki kwetu, na upande wa jiko uliovuja zaidi ukafunikwa. Hayo ndiyo mapatano ya ndoa za huku.

Hata hivyo pesa haikutosha. Jioni moja mjomba akaniita nje. "Mpwa wangu, una mishahara ya miezi mitatu kwangu." Nilijua anakoelekea. Mishahara ile ilikuwa na jina lake tayari. Riwaya yangu iko kwenye madaftari sita, kwa mkono, na nilikuwa nimepatana na dada mmoja wa stesheni ya kuchapa pale mjini anichapie kwenye kompyuta ili niipeleke kwa wachapishaji. "Nikiiweka kwenye gari," mjomba alisema, "nitakulipa baada ya msimu. Ukisema hapana, sitanuna."

Nilimwomba usiku mmoja. Nililala nikiyahesabu madaftari. Ndugu msomaji mwandishi mwenzangu, wewe unaelewa maana ya kuambiwa mswada ungoje. Lakini kisiwa hiki kina walimu wa kungoja. Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyeishi Kagunguli, alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Alipokwisha kuzeeka akakaa chini akaiandika upya yeye mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Miaka 35! Naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijafika mikononi mwake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hapa hapa Ukerewe, alikuwa na bahati zaidi. Alizaliwa mwaka 1944 na Rosa Mistika ikatoka mwaka 1971. Sijilinganishi na wazee hao, nani mimi? Ila nilifikiri: Kitereza alikuwa na kazi nzima, iliyokamilika, akaona haifiki kwa sababu ya kinachoibeba. Hakuitupa wala hakuandika nyingine ya mtindo. Alibadilisha kinachoibeba. Asubuhi nikamwambia mjomba, "Weka."

Hapo ukaja ubishi wa pili, wa kitaalamu. Mimi nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba Land Rover One Ten, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1983, ina breki za diski mbele. Diski hazishiki maji kama drami, hupoa haraka, na zinakamata sawasawa mbele na nyuma. Nikamwambia fundi, tutafute ekseli ya One Ten tumalize kazi.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, heshima ambayo mafundi wengi hawana. Kisha akahesabu kwa vidole. Kwanza, ekseli ya One Ten ni pana kuliko yetu kwa kama inchi 7, tairi zitatoka nje ya bodi. Pili, imetengenezwa kukalia springi za kuzunguka, sisi tuna springi za vyuma bapa, kwa hiyo lazima kukata na kuchomelea, na ekseli iliyochomelewa vibaya ni jeneza. Tatu, difu. Letu ni la 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. La One Ten ni 3.54. "Ukiweka mbele la namna moja na nyuma la namna nyingine, siku utakayoingiza gia ya tairi nne mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike."

"Si difu linaweza kuhamishwa, fundi?"

"Linaweza. Kila kitu kinaweza, kijana. Nakuuliza hivi: diski ikiharibika huku Nansio siku ya soko, nani ana pedi zake? Gari liboreshe mpaka pale jirani yako anapoweza kulitengeneza. Ukipita hapo umenunua mapambo."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari la saba.

Akachagua njia yake. Nyuma, ekseli ya Salisbury kutoka Land Rover 109 ya Series III, ile iliyowekwa baada ya Waingereza wenyewe kuchoka kusikia habari za shafti kukatika. Difu lake ni kubwa kama chungu cha pombe, shafti zake ni nene na zina meno 24, hesabu yake ni ile ile 4.7, na inakaa kwenye springi zetu bila kukata kitu. Mbele, breki za drami vilevile, lakini zile za 109 ya silinda sita zenye shuu za upana wa inchi 3. Juu yake, masta silinda ya njia mbili pamoja na busta na pedali zake, ili paipu ya mbele ikipasuka ya nyuma ibaki. Na propela ya mbele irudi mahali pake na krosi mpya.

Tulivipata Mwanza, kwenye gereji moja yenye magari yaliyolala, baada ya siku mbili za kuzunguka juani. Ekseli tuliigonga, tukaifungua mfuniko wa difu, fundi akapitisha kidole kwenye kila jino kama daktari wa meno. Makuli wanne waliibeba mpaka melini. Karani wa mizigo akauliza tuandike nini kwenye risiti. Mjomba akasema, "Andika miguu."

Kazi ilichukua siku tano chini ya mwembe. Gari likainuliwa kwa jeki, likawekwa juu ya magogo ya mbao, yubolti zikakatwa kwa msumeno kwa sababu kutu ilikuwa imezioa. Ekseli ya zamani ikavutwa nje, ya Salisbury ikaingizwa. Pua ya difu lake ni ndefu, kwa hiyo propela ya nyuma ya zamani haikukaa, tukatumia ile fupi tuliyokuja nayo. Beringi mpya, oili sili mpya, maana oili ya difu ikivujia kwenye breki shuu ni sawa na kupaka sabuni. Paipu zote za breki tukazitupa, tukaweka mpya.

Mwisho, kutoa upepo. Hewa kwenye paipu za breki ni adui: mafuta hayabonyei, hewa inabonyea, na mguu wako unazama bure. Tulianza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, la nyuma kushoto. Mimi chini na kichupa na mpira mwembamba, mjomba juu. "Kanyaga! Kanyaga! Shikilia!" Nafungua, mapovu yanatoka, nafunga. "Achia!" Tairi nne, jioni nzima, mpaka mapovu yakaisha na pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kivuko.

Majaribio tuliyafanya kwa ngazi. Kwanza tambarare, bila mzigo. Kisha mteremko mdogo mbali na maji. Kisha tukapakia mifuko ya mchanga, tukapanda kilima, mjomba akasimama katikati, akaliachia gari lirudi kinyumenyume, akakanyaga. Likasimama. Akavuta hendibreki, akaondoa mguu. Likabaki pale pale. Watoto waliokuja kutazama walivunjika moyo, walitegemea kitu kitokee. Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo tulilolipia.

Fundi hakupiga makofi. Alisema, "Sikilizeni. Busta inafanya kazi injini ikiwa hai. Injini ikizima una kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa nzito, msishangae. Breki za mbele zikirudi nyuma bado ni pungufu kuliko zikienda mbele. Na hendibreki bado inashika propela. Kwa hiyo gogo lisitupwe."

Leo ninapoandika, Mwenda Pole anabeba mzigo ule ule kwa mwendo ule ule. Anayemtazama barabarani haoni tofauti yoyote: rangi imebabuka, viti vimechanika, injini inakohoa kama zamani. Vijana bado wanamcheka mjomba kwamba alimwaga pesa chini ya gari. Ni kweli, alimwaga chini ya gari, mahali ambapo macho hayafiki na mzigo wote unakaa. Mjomba ameshanilipa mishahara miwili. Daftari la kwanza na la pili zimechapwa, nazisoma usiku kwa taa ya simu, nikitafuta wapi hadithi inakwenda mbio na haina kinachoishika.

Wewe unayetaka kununua gari kuukuu, usimwulize mwenyewe linakimbiaje. Mwombe alipakie, alipandishe kilima, alisimamishe katikati, kisha aondoe mguu. Wewe simama pembeni, usisimame nyuma. Na kama utingo wake ana gogo, muulize linatumika mara ngapi kwa wiki.